Barua ya "Mtoto Apimwe" Inaomba Kitu Ambacho Maabara Haina

Siku hizi mzazi wa Mwanza mwenye mtoto shule ya msingi, hasa hizi za binafsi zilizotapakaa kuanzia Nyakato hadi Buhongwa, si ajabu akapokea barua fupi kutoka shuleni: mtoto hatulii, hamalizi kazi, anasumbua wenzake, tunashauri apelekwe hospitali akapimwe. Kabla mzazi hajafika hospitali, barua imeshapigwa picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp, na kundi limeshatoa hukumu. Mmoja anasema huo ni usonji, mwingine anasema ni ADHD, yaani tatizo la umakini na kutotulia, wa tatu anatuma dodoso la maswali kumi na nane ambalo ukilijaza unapata jawabu papo hapo, wa nne anauliza kama Bugando, hospitali yetu ya rufaa, kuna mashine ya kupima ubongo. Mzazi anapanda daladala akiamini kwamba mtoto anakwenda kufanyiwa kitu kinachofanana na kile kipimo cha malaria cha tone la damu na mistari miwili. Shule nayo inaamini hivyo hivyo, ndiyo maana barua yake haikuzidi sentensi mbili.

Imani hiyo ndiyo nataka kuipinga. Hakuna kipimo cha damu, picha ya kichwa wala mashine inayothibitisha kwamba mtoto ana tatizo la umakini na kutotulia. Tathmini yake ni kazi ya kukusanya ushahidi wa maisha ya mtoto, na sehemu kubwa ya ushahidi huo haiko hospitalini. Iko darasani, iko nyumbani, na nyingine iko kwenye kadi ya kliniki iliyokunjwa ndani ya sanduku la mama. Shule inapomtuma mtoto na karatasi yenye neno "apimwe" tu, inamtuma daktari akaamue kesi bila mashahidi. Na kwa hali ya Kanda ya Ziwa, ambako mtoto anaweza kukosa utulivu kwa sababu kumi zisizohusiana na ADHD, ushahidi huo una uzito zaidi kuliko mahali pengi ambako madodoso haya yalitungwa.

Tuanze na kile ambacho madaktari wenyewe wamekubaliana. Habari ya watoto wa aina hii si ya jana; daktari wa watoto George Still aliwaeleza wenzake mjini London mwaka 1902, na mwaka 1937 Charles Bradley wa Marekani aliandika jinsi dawa ya kuchangamsha ilivyowatuliza baadhi ya watoto wasiotulia, jambo lililowashangaza wengi. Mwongozo wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, unaorodhesha dalili tisa za kukosa umakini na tisa za kutotulia na kukurupuka. Mtoto anatakiwa aonyeshe angalau sita katika kundi moja. Watu wengi wanaishia hapo, kwa sababu dodoso la kwenye simu linaishia hapo. Lakini mwongozo unaendelea: dalili ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zionekane katika mazingira mawili au zaidi, ziwe zinamharibia mtoto masomo au maisha na wenzake, na pasiwepo maelezo mengine yanayozifafanua vizuri zaidi. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inafuata mantiki hiyo hiyo. Masharti haya matano ndiyo tathmini yenyewe, kwa sababu kuhesabu dalili kunaweza kufanywa na yeyote mwenye kalamu.

Tafiti zilizokusanywa kutoka mabara mbalimbali zinakadiria kwamba takriban watoto watano kwa kila mia wana tatizo hili. Tangu ada na michango ya shule ilipofutwa mwaka 2016 madarasa yetu ya serikali yamefurika, na darasa la watoto mia moja si kioja mjini hapa. Kwa hesabu hiyo tungetegemea watano. Mwambie mwalimu wa darasa hilo akutajie wasiotulia, hatashindwa kukutajia ishirini kabla hajaweka chaki chini. Tofauti kati ya watano na ishirini haitokani na uongo wa mwalimu. Inatokana na swali aliloulizwa, na mahali anaposimama anapolijibu.

Chukua lile dodoso ulisome ukiwa Mabatini, mtaa wa mjini hapa uliojengwa juu ya miamba. Linauliza kama mtoto huinuka kwenye kiti wakati anapotakiwa kukaa. Dawati la watoto watatu limebeba watano. Huyo wa pembeni hana kiti cha kuinukia. Linauliza kama hupoteza vifaa vya shule mara kwa mara. Penseli imekatwa vipande viwili ili mdogo wake naye apate, na kipande cha sentimita nne hakina safari ndefu mfukoni mwa kaptura iliyotoboka. Linauliza kama hukimbia au kupanda vitu mahali pasipofaa. Hapa watoto wanazaliwa juu ya miamba, njia ya kwenda dukani ni kupanda jiwe na kuteremka jingine. Linauliza kama hushindwa kungoja zamu yake, na huyo mtoto asubuhi alitumwa bombani, mahali ambapo anayengoja zamu kwa adabu hurudi na ndoo tupu. Sisemi kwamba maswali ni mabaya. Yametungwa na watu makini, na madodoso kama ya Conners, Vanderbilt au SNAP yana kazi yake kwenye mikono ya mtaalamu. Nasema majibu yake hayana maana mpaka mtu aulize: akilinganishwa na nani? Mtoto anayepanda miamba pamoja na wenzake wote wa mtaani ni mtoto wa Mabatini. Anayebaki juu wakati wenzake wameshashuka kula, tena kila siku, tena tangu akiwa na miaka minne, huyo ndiye wa kuulizia.

Kuna jambo jingine kuhusu dodoso ambalo kundi la WhatsApp halilijui. Anayejaza hubeba matarajio yake. Mwaka 1994 watafiti wawili Wamarekani, Hoover na Milich, walichapisha jaribio dogo lakini lenye kuumbua. Waliwaambia baadhi ya akina mama kwamba watoto wao wa kiume wamepewa sukari nyingi, ilhali walikuwa wamepewa kinywaji kisicho na sukari. Akina mama hao waliwaona watoto wao kuwa hawatulii zaidi ya walivyowaona akina mama walioambiwa ukweli. Mtoto hakubadilika, jicho la mama ndilo lilibadilika. Sasa fikiria mzazi aliyekwisha kusomewa na wenzake thelathini kwamba mwanaye "ana zile dalili kabisa", kisha usiku anakaa kujaza dodoso. Mwalimu naye aliyeambiwa na mwalimu wa mwaka jana "huyo mkorofi, utamwona" hajazi akiwa huru. Ndiyo maana mashahidi wawili wanaotoka mazingira mawili ni sharti la msingi. Na wanapopingana, mzazi akisema nyumbani hana shida na mwalimu akisema hakai hata dakika mbili, hilo lenyewe ni taarifa: huenda tatizo lipo kwenye darasa, kwenye somo, au kwenye uhusiano wa mtoto na mwalimu huyo.

Umri nao unasahaulika. Huko British Columbia, Kanada, ambako mwaka wa kuzaliwa ndio unaoamua darasa, utafiti wa watoto zaidi ya laki tisa uliochapishwa mwaka 2012 uligundua kwamba wavulana waliozaliwa Desemba walikuwa na uwezekano wa kupewa jina la ADHD ulio juu kwa asilimia 30 kuliko waliozaliwa Januari, na kwa wasichana asilimia 70. Hakuna ugonjwa unaochagua mwezi wa kuzaliwa namna hiyo. Walichokuwa nacho watoto wa Desemba ni utoto: walikuwa wadogo kwa karibu mwaka mzima kuliko wenzao waliokaa nao. Kwetu shule huanza Januari, na sera ya elimu ya sasa inamweka mtoto wa miaka sita darasa la kwanza. Lakini kwenye shule za kulipia kuna mashindano ya wazazi ya kusukuma watoto mapema, mwenye miaka mitano anakalia dawati la wa miaka sita na nusu, mzazi akijisifu kwamba wake "ameruka". Kijijini Magu au Kwimba mambo yanaweza kuwa kinyume: la kwanza lina wa miaka sita na wa miaka tisa pamoja. Barua nyingi za "apimwe" zingejibiwa na cheti cha kuzaliwa kabla ya nauli kutumika.

Kisha yapo yale ambayo ziwa na joto lake vimetugawia. Mtoto anayetoka usaha masikioni, jambo tulilolizoea kiasi cha kuliona la kawaida, hasikii vizuri. Atamgeukia jirani kuuliza mwalimu amesema nini, na ataandikwa kuwa msumbufu. Mwingine anakodoa macho sekunde kumi, anarudi, dakika chache baadaye tena, na ukimgusa bega katikati hashtuki. Hicho kinaweza kuwa kifafa kisichoangusha, na kina dawa zake. Hapo kipimo cha umeme wa ubongo kina kazi halali. Malaria iliyopanda kichwani nayo huacha alama. Watafiti waliowafuatilia watoto waliougua na kupona katika hospitali ya Mulago, Kampala, ng'ambo ya ziwa hili hili, walieleza mwaka 2008 kwamba miaka miwili baadaye takriban robo yao walikuwa na upungufu wa uwezo wa akili katika eneo moja au zaidi, na eneo lililoguswa zaidi lilikuwa umakini. Selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu ambao kanda yetu ina mzigo wake mkubwa, inaweza kuziba mishipa midogo ya ubongo bila mtoto kupooza wala kulalamika, na ishara pekee ikawa mtoto aliyekuwa makini kuanza kupotea darasani. Upungufu wa damu, kichocho na njaa ya asubuhi vinafuata. Kwa hiyo swali la "aliwahi kulazwa na degedege?" lina thamani kuliko dodoso zima, na linajibiwa na mama au bibi kwa nusu dakika.

Usingizi unastahili nafasi yake, maana hapa una kalenda. Kwenye mialo ya Ukerewe na visiwa vingine dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hupumzika. Wakati wa giza kaya nzima hubadili saa zake. Alfajiri kuna mzigo wa kupokea na kuanika, na watoto wamo. Mwalimu mmoja aliyefundisha kisiwani aliniambia kwamba baada ya muda aliacha kuwachapa waliosinzia na kuchachawa, kwa sababu alishajua ni wiki gani watakuwa hivyo. Umakini unaopungua na kurudi kwa kufuata mwezi hauhitaji daktari wa akili. Lakini ni nani angelijua hilo kama si mwalimu anayeandika tarehe?

Wapo watakaosoma mpaka hapa na kufurahi: kumbe tulisema, hayo ni magonjwa ya Wazungu, dawa yake ni malezi na fimbo. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo yenye sauti kubwa. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti kati ya watoto katika tatizo hili, kama asilimia 70 hadi 80, inaelezwa na urithi, na urithi hauulizi pasipoti. Tofauti za viwango kati ya nchi na nchi zinatokana zaidi na namna watafiti walivyohesabu kuliko bara walilohesabia. Sukari imepimwa na kupimwa tena, haionekani kuwa chanzo. Na fimbo, licha ya kanuni zetu kuiruhusu kwa idhini ya mwalimu mkuu na kwa idadi isiyozidi viboko vinne, imekuwa ikitumika kwa watoto hawa kwa vizazi. Kama ingekuwa inatibu, mtoto anayechapwa kila siku asingehitaji kuchapwa kesho. Kinachomkwamisha ni kushindwa kuzuia msukumo wa sekunde moja, si kutojua kwamba atachapwa. Anajua kuliko wote.

Upande wa pili kuna wanaotaka kila mtoto apimwe, na mapema. Hawa wana hoja nzito na siwezi kuipuuza. Mtoto ambaye hakutambuliwa huitwa mjinga mpaka akaitikia, hurudia darasa, huacha shule akaenda soko la samaki la Mwaloni kubeba makreti. Wasichana ndio hupotea kabisa, kwa sababu wengi wao hawasumbui. Wanakaa kimya wakitazama dirishani, madaftari hayajai, na hakuna barua inayoandikwa kuhusu msichana aliyetulia. Wanaotaka upimaji wako sahihi kuhusu hasara ya kuchelewa. Wanachokosea ni kudhani kwamba foleni ndefu zaidi hospitalini ndiyo jibu. Wataalamu wa afya ya akili ya watoto nchini ni wachache mno, na Bugando inahudumia kanda nzima. Ukijaza foleni kwa watoto ishirini wa kila darasa, wale watano wenye tatizo la kweli watapata dakika tano kila mmoja, na katika dakika tano ofisini, mbele ya mtu mgeni mwenye koti jeupe, watoto wengi wa aina hii hukaa kimya kabisa. Daktari asiye na maelezo ya shule atasema "mbona yuko sawa". Nimesikia wazazi wakirudishwa hivyo.

Hoja inayonisumbua mimi ni ya tatu, nayo husemwa kwa sauti ya chini na walimu wazuri: tukishampa mtoto jina, tutamfanyia nini? Kwenye baadhi ya shule za kulipia jina hilo limekuwa tiketi ya kumtoa; mzazi analeta barua ya daktari na wiki inayofuata anashauriwa "kutafuta shule inayomfaa". Ni kweli, inatokea, na ni sababu tosha kwa mzazi kuuliza kabla: barua hii mnaitaka mkaifanyie nini? Kuhusu dawa pia tuseme ukweli. Methylphenidate, inayotumika zaidi duniani kwa tatizo hili, iko chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na kamati ya Shirika la Afya Duniani ilikataa kuiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena 2021. Utafiti mkubwa wa Marekani wa watoto 579, uliotolewa mwaka 1999, ulionyesha dawa ikisimamiwa vizuri inapunguza dalili zaidi ya mafunzo ya tabia peke yake katika miezi 14. Lakini kufikia mwaka wa tatu tofauti hizo hazikuonekana tena kati ya makundi. Kwa hiyo asiyekuwa na dawa hajakosa kila kitu. Kumkalisha mbele, kumpa agizo moja badala ya matatu, kumtuma afute ubao ili miguu ipate kazi, kumsifu papo hapo anapomaliza, kumfundisha mzazi kutoa amri fupi na kuisimamia: haya hayahitaji duka la dawa. Uingereza, yenye dawa zote, inaelekeza kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano aanziwe na mafunzo ya wazazi.

Na hapo ndipo pana sababu ya kuibadili barua. Mengi ya hayo ambayo mwalimu atashauriwa kuyafanya baada ya tathmini anaweza kuyajaribu kabla yake, na matokeo ya jaribio hilo ni ushahidi. Mtoto aliyehamishiwa dawati la mbele akatulia kwa mwezi mzima huenda alikuwa hasikii, haoni ubao, au alikuwa amekaa na rafiki mbaya. Asiyetulia mbele, wala nyuma, wala kwa bibi Misungwi wakati wa likizo, huyo aende Bugando au hospitali ya mkoa ya Sekou Toure akiwa na karatasi iliyojaa. Maafisa elimu wa wilaya zetu mbili za mjini, Nyamagana na Ilemela, hawahitaji mradi wa wafadhili kuagiza hili. Fomu ya ukurasa mmoja inatosha: tarehe ya kuzaliwa, masomo na saa ambazo tatizo huonekana, mifano mitatu iliyoandikwa siku ilipotokea, kilichojaribiwa na kilivyokwenda. Zahanati ya mtaa inaangalia masikio, macho, wingi wa damu, inauliza selimundu na degedege. Mzazi anaandika ya nyumbani kwa wiki mbili bila kuonyeshwa ya mwalimu, na hili la mwisho lisichezewe, maana wakisomeana wanabaki shahidi mmoja.

Najua walimu watauliza muda utatoka wapi, na kwa darasa la mia moja swali ni halali. Lakini muda unatumika tayari: kwenye kuchapa, kuita mzazi, kuandika barua, kumpokea mtoto aliyerudishwa bila jibu na kuanza upya muhula unaofuata. Ikiwa halmashauri itasita, mzazi asisite. Barua ya sentensi mbili ikija, airudishe shuleni kwa upole na maswali matatu: tatizo lilianza lini, linaonekana kwenye vipindi gani na kwenye vipindi gani halionekani, na mmeshajaribu nini? Majibu yakipatikana ayakunje pamoja na kadi ya kliniki, ndipo apande daladala.